Nani Atanunua LUKU?

Siku ya makabidhiano, asasi yetu ikifungwa, tulihesabu keni 14 za kumwagilia, toroli 2, reki 6, mita 30 za neti ya kivuli, mzani mmoja wa kuning'iniza na madaftari ya mahudhurio ya miaka tisa. Mwenyekiti wa bodi alisoma, mtunza hazina akaweka alama ya vema, nami katibu nikaandika. Wakulima walikuwa wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, chini ya mwembe ulioko ukingoni mwa shamba, wakitusikiliza kwa adabu kama watu wanaosomewa wosia wa ndugu wa mbali. Orodha ilipokwisha, bibi mmoja akanyoosha mkono. Alianza kulima pale kabla ya yeyote kati yetu kujua kwamba kuna shamba.

"Na LUKU, Katibu? Nani atanunua LUKU?"

Tulitazamana. Kwa miaka tisa umeme wa pampu ya kisima ulinunuliwa kwa simu yangu. Namba ya mita niliijua kwa moyo kuliko namba ya akaunti yangu ya benki. Kila baada ya siku nane au tisa nilituma fedha, nikapata tarakimu ishirini, nikazituma kwa kijana aliyekaa karibu na kisima, naye akazibonyeza, maji yakapanda. Haikuandikwa popote kama kazi ya mtu. Na kwa kuwa haikuwa kitu cha kuhesabika, haikuingia kwenye hati. Nilisimama pale na kalamu mkononi nikaona kwamba tulikuwa tumeorodhesha vyombo vya kazi, kazi yenyewe tukaiacha nje.

Shamba lenyewe liko upande wa Tabata, chini ya nyaya kubwa za umeme, mahali ambapo nyumba haziruhusiwi. Dar es Salaam ina vipande vingi vya namna hiyo: chini ya nyaya, kando ya reli, ukingoni mwa Mto Msimbazi unaoshuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini pale Selander. Mpita njia huona majani tu. Aliyekaa jijini muda mrefu hujua kwamba kabichi itatoka Lushoto, nyanya itatoka Ilula, kitunguu kitatoka mbali zaidi, lakini mchicha hauwezi safari hizo. Ukiung'oa alfajiri, kwa joto letu, saa sita mchana umelegea. Kwa hiyo jiji lenye watu 5,383,728, kama sensa ya mwaka 2022 ilivyotuhesabu, lazima lilime mchicha wake lenyewe, tena karibu na sufuria.

Nasisitiza hili kwa sababu ripoti zetu ziliandikwa kana kwamba sisi ndio tulioanzisha kilimo pale. Hatukuanzisha kitu. Wazazi wa baadhi ya wakulima wetu walishika jembe mjini wakati wa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, mwaka 1974 na 1975, njaa ilipobisha hodi. Miaka ya themanini mishahara ilipoyeyuka, makarani na walimu wakapanda matembele uani na kufunga ng'ombe nyuma ya nyumba za serikali. Kufikia 1992 serikali yenyewe ilitunga kanuni za kilimo cha mjini, zikampa mtu mwisho wa ekari tatu. Sisi tulikuja baadaye sana, na kisima, semina na bango. Kisima kilikuwa msaada wa kweli. Semina zilisaidia kiasi. Bango sijui lilimsaidia nani.

Ufadhili ulikuja kwa vipindi vya miaka mitatu mitatu. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu barua ya heshima ikieleza kwamba vipaumbele vimebadilika. Tulipewa miezi sita. Wakati ule tuliona ni dhuluma. Ilipofika Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na watu ninaowajua wakaambiwa wafunge milango ndani ya siku chache, wengine gari likiwa njiani na dawa zikiwa ghalani, ndipo nilipoelewa kwamba miezi sita ilikuwa neema. Mtu akipewa muda wa kuaga, asiutumie kulalamika. Sisi tuliupoteza mwezi mzima na zaidi tukiandika maombi kwa wafadhili wengine, tukitumaini.

Katika miezi ile nilisoma sana habari za Milwaukee, Marekani. Mwaka 1993 Will Allen, aliyewahi kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa, alinunua kiwanja chenye vitalu vya zamani vya kioo ndani ya jiji lile, karibu na mitaa ya watu weusi wasio na duka la mboga karibu. Kikawa makao ya asasi ya Growing Power. Alifuga samaki matangini, maji yao yakalisha mboga na mboga zikayasafisha yarudi kwa samaki. Alirundika mboji pembeni mwa vitalu, joto lake likazuia baridi ya theluji isiue miche. Alifuga minyoo kama wengine wanavyofuga kuku. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya MacArthur, na wageni wakamiminika kutoka kila pembe kuja kujifunza kwake. Mwaka 2017 Growing Power ikafungwa, madeni yakiwa yameielemea.

Habari hiyo ilinikosesha usingizi. Kama wale walianguka, sisi wa keni 14 tulikuwa nani? Lakini nilipoendelea kusoma nikaona jambo jingine. Growing Power ilikuwa na tawi Chicago, likiongozwa na binti wa Will, Erika Allen. Mwaka ule ule wa kufungwa, yeye na mwenzake Laurell Sims walianzisha Urban Growers Collective, na mashamba ya upande wa kusini wa Chicago yakaendelea kulimwa kwa jina jipya. Nadhani Chicago ilipona kwa sababu ilikuwa imekwisha kuzoea kuamua mambo yake. Ilikuwa na watu wake, mitaa yake, ugomvi wake na wenye ardhi wake. Mama alipofariki, mtoto alikuwa amekwisha kujua njia ya sokoni.

Je, wakulima wetu walijua? Hilo ndilo swali nililoanza kutembea nalo kila asubuhi.

Kuhusu mbegu, walijua kutuzidi, nami naona aibu kusema tulivyochelewa kuona. Kila msimu tulinunua mbegu dukani kwa sababu mfadhili alihitaji risiti. Vipaketi vizuri vyenye picha. Wakati huo huo, yule bibi wa LUKU alikuwa na tuta moja pembeni, karibu na mwembe, ambalo hakuling'oa. Mchicha wa kuuza hung'olewa wiki ya tatu au ya nne, ukiwa laini. Tuta lake aliliacha likapita kiuno, likapita bega, likatoa mikia ya maua yenye rangi ya divai. Mabwana shamba wageni waliona uvivu. Mimi mwenyewe niliwahi kumshauri alisafishe ili tupate nafasi.

Alikuwa akichagua. Alipita na kitambaa chekundu, akafunga yale mashina tu yaliyochelewa kuchanua, kwa sababu mchicha unaowahi kuchanua humtia mkulima hasara: majani yanakuwa machache na wachuuzi wanaukataa. Mikia ilipokauka aliikata, akaianika juu ya turubai, akaipigapiga kwa mti, akaipepeta kwenye ungo akiwa ameupa mgongo upepo. Mbegu za mchicha ni ndogo na nyeusi, zinang'aa, ukizishika kwa mkono wenye jasho hazitoki. Alizichanganya na majivu, akazihifadhi kwenye chupa ya maji iliyokauka. Alipozipanda alizichanganya na mchanga ili zisidondoke fungu moja. Huko Arusha, kwenye Kituo cha Mboga Duniani, ambacho kina shamba Madiira karibu na Tengeru, wataalamu hukusanya na kutunza mbegu za mboga zetu za asili na kuchagua zilizo bora. Kazi hiyo hiyo ilifanyika mita ishirini kutoka ofisini kwetu, bila mshahara, nasi hatukuiandika kwenye ripoti hata moja, kwa sababu mbegu yake haikuwa na risiti.

Msimu wa mwisho fedha za mbegu zilikwisha. Sikuwaambia mapema, nikiogopa kuwavunja moyo. Nilipowaambia, walishangaa kwa nini natumia sauti ya msiba. Kumbe nusu ya matuta yalikuwa yamepandwa mbegu za bibi kwa miaka mingi. Vipaketi vyetu wengine walivipeleka kwa ndugu zao Kisarawe.

Kwa hiyo mbegu haikuhitaji kukabidhiwa. Kilichohitaji kukabidhiwa, nacho hawakuwa nacho kwa kosa letu, ni kusema. Kila walipokuja watu wa kupima, kila lilipozuka neno kwamba eneo linatwaliwa, sisi wa ofisi tulikimbilia serikali ya mtaa. Tulijua kuandika barua, tulijua nani apigiwe simu. Kwa miaka tisa mkulima hata mmoja hakuwahi kuketi mbele ya mtendaji kuzungumzia ardhi anayoilima. Tuliona tunawalinda. Tulikuwa tumewaziba midomo kwa upole, na hili ndilo ninalolijutia kuliko yote, kuliko fedha na kuliko muda.

Nairobi walitutangulia hapo. Wakulima wa mjini walipata jukwaa la kukutana na maofisa chini ya Mazingira Institute tangu mwaka 2004, na mwaka 2015 kaunti yao ikapitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Asasi inaweza kufa, mfadhili akaondoka, sheria ikabaki mezani na mtu wa kawaida akaitaja namba yake. Sisi tulikuwa na miezi minne na nusu.

Tulianza kwenda pamoja. Mara ya kwanza tulikwenda watatu: mimi, yule bibi, na mwanamke wa makamo ambaye wenzake walikuwa wamemchagua kuwa mwenyekiti wa kikundi. Mtendaji alitukaribisha vizuri, akafungua daftari, akanigeukia mimi. Nilitazama chini. Ukimya ule ulikuwa mrefu, feni ikizunguka juu yetu, na kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kusema. Hatimaye mwenyekiti akakohoa.

"Mheshimiwa, mimi nilihamia huku baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Nyumba yangu ilichukuliwa na maji kule bondeni. Sikuwa na mtaji ila mikono, wakanigawia matuta mawili. Watoto wangu watatu wamesoma kwa mchicha ule. Nimekuja kuuliza, kama tukiambiwa tuondoke, tutaambiwa na nani, na kabla ya muda gani?"

Katika barua zote nilizoandika kwa niaba yao, nikitaja usalama wa chakula na ustahimilivu wa kaya, sikuwahi kuuliza swali lenye maana kama lile. Mtendaji aliandika. Alisema atauliza wilayani. Aliomba namba ya simu, nami nilipofungua mdomo kwa mazoea, mwenyekiti alikuwa amekwisha kuitaja yake.

Mambo mengine yalikwenda kwa ugomvi, na ni sawa. Katiba yetu ilisema asasi ikivunjwa, mali yake iende kwa asasi nyingine yenye malengo kama yake. Wakulima wakauliza, kwa haki kabisa, asasi gani yenye malengo ya shamba hili kuliko sisi tunaolilima? Wengine walitaka vyombo vigawanywe, kila mtu achukue keni yake nyumbani, maana kikundi ni maneno lakini keni ni keni. Vikao vinne. Siku moja watu wawili walisusa. Mwishoni walikubali kujisajili halmashauri kama kikundi cha wanawake, wakafungua akaunti yenye watia saini watatu. Kulikuwa na sababu ya ziada: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na asiye na kikundi kilichosajiliwa haombi. Wanaume wanne waliokuwa wakilima pale walibaki kama wakulima wa kawaida, wakinung'unika, na manung'uniko yao sikuweza kuyamaliza.

Kisima kilikuwa na fundo lake. Kimechimbwa ndani ya ua wa jirani, kwa ahadi ya mdomo kati ya mzee mwenye ua na mwenyekiti wetu wa kwanza, ambaye ni marehemu. Mzee angepata maji ya nyumbani bure, sisi tungepitisha bomba. Mwanasheria aliyetusaidia alitaka mkataba. Bibi akasema mzee akiletewa karatasi na watu asiowajua ataona anaibiwa. Akaenda mwenyewe jioni, akakaa hadi baada ya swala ya isha. Walizungumza mambo ya watu wao waliokufa, na karibu na kuondoka ndipo akaligusa la bomba. Mzee akasema bomba lina shida gani, si lipo? Karatasi ilikuja miezi baadaye, yeye mwenyewe akaiomba, kwa ajili ya watoto wake.

Na LUKU? Waliweka utaratibu: kila tuta likivunwa, mwenye tuta atoe shilingi 500, ziwekwe kwenye kopo la maziwa lenye tundu, na mwenyekiti anunue uniti. Tulitia saini hati, tukapiga picha, tukala pilau, tukaagana. Nilikwenda nyumbani nikiwa na uchovu wa mtu aliyetoka kuzika.

Wiki ya tatu nikasikia kwamba pampu imenyamaza. Kopo lilikuwa na shilingi chache, na wengine walikuwa wanachota kwenye dibwi kwa ndoo, maji ya rangi ya chai. Ilikuwa kiangazi. Miche ya siku nne haisubiri kikao. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Namba ya mita ilikuwa bado kichwani. Nikanunua uniti za shilingi 10,000, nikamtumia yule kijana, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Asubuhi bibi akanipigia.

"Hujambo mwanangu?"

"Sijambo, shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeme wako tumeuona. Ahsante. Sasa sikiliza, usitununulie tena."

Nikamwambia miche ingekauka.

"Ingekauka, ndiyo. Ila ukinunua wewe, hatutajua nani hajalipa."

Hakusema zaidi. Akauliza hali ya watoto, akakata. Nilibaki nimeishika simu. Miaka yote ile, kila nilipobonyeza tarakimu zile nikijiona mwema, nilikuwa nafunika deni lililowahusu wao kwa wao, deni ambalo likionekana ndipo watu hukaa chini, hugombana, hupatana, na kikundi huwa kikundi. Sikununua tena. Nilijua kutoka kwa kijana kwamba pampu ilinyamaza siku sita nyingine, kwamba matuta tisa yaliharibika, kwamba kulikuwa na kikao kikali na mtu mmoja akanyang'anywa zamu ya maji mpaka alipe. Siku zile sita zilikuwa ndefu kwangu. Naamini zilikuwa ndefu zaidi kwa mwenye matuta.

Nilikwenda tena baada ya masika. Sikutoa taarifa. Nilipita njia ya nyuma, kwenye mashimo ya mbolea ya kuku, nikatokea kwenye lile tuta refu tuliloliita shamba darasa, lililokuwa na kibao na kamba zilizonyooka, ambako wageni walipigwa picha. Wamelipanda matembele. Liko karibu na bomba, na matembele hukatwa leo yakachipua kesho kutwa, kwa hiyo ndilo tuta linalofaa kuliko yote kwa mtu anayetaka fedha ya kila siku. Kwa miaka tisa tulilifanya la kuonyesha. Kwenye mwembe, tuta la mbegu lilikuwa limesimama, mikia imeanza kuinama, vitambaa vyekundu viwili badala ya kimoja. Msichana mdogo alikuwa akipita katikati yake na mkasi.

Bibi alikuwa anang'oa mchicha pamoja na mchuuzi aliyekuja na tenga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unanunua au unapita?"

"Nanunua."

"Mangapi?"

"Mafungu mawili."

Akang'oa, akakung'uta udongo wa mizizi, akachovya kwenye ndoo, akafunga kwa ukili. Bei ilikuwa imepanda kidogo, kama inavyopanda kila masika. Nikampa noti, akaanza kutafuta chenji kwenye pindo la khanga. Kutoka upande wa kisima mtu akapaza sauti kwamba uniti zimebaki nne. Mwenyekiti, aliyekuwa ameinama kwenye matembele, akajibu kwamba amesikia, atanunua jioni, na kwamba kuna mtu wa tuta la kumi na moja bado hajaleta. Watu watatu wanne waliinua vichwa, wakalitazama tuta la kumi na moja.

Bibi akanihesabia chenji mkononi.